Maji ya Mlimani Yanapoingia Chumbani

Bukavu, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu na juu ya vilima vinavyozizunguka, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Septemba na kutuachia mwezi wa tano unapoisha. Anayenunua parseli Kadutu, Bagira au pande za Panzi ni nadra apate mahali tambarare. Hukikata kilima kwa jembe, udongo akausogeza mbele, na katika kipande alichokipata akasimamisha nyumba. Ukuta wa mbele hutazama ziwa, au mabati ya jirani wa chini. Ukuta wa nyuma huegemea mlima. Nimefanya kazi ya uashi katika mji huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mengi ninayoyajua kuhusu afya ya nyumba nimeyasoma kwenye ukuta wa nyuma.

Nilikulia katika nyumba ya namna hiyo, Kadutu. Ilikuwa ya matofali ya udongo, imepigwa lipu ya saruji kwa ndani, na mabati yake yalikwisha kushika kutu kabla sijaanza shule. Sebule ilikuwa mbele kwa sababu mgeni hupokelewa penye mwanga. Wazazi walilala chumba cha kati. Sisi watoto tulilazwa nyuma. Ukipita leo katika nyumba nyingi za miteremko yetu utakuta mpango huohuo: chumba chenye unyevu mwingi na hewa kidogo kuliko vyote ndicho wanachopewa wadogo wa nyumba. Hakuna mzazi anayekusudia kumdhuru mtoto. Ni desturi ya kugawa vyumba, iliyozoeleka kabla hatujajua ukuta wenye maji unaweza kufanya nini kifuani mwa binadamu.

Kila mvua ilipokolea, ukuta wa kitandani kwetu uligeuka rangi. Kwanza unyevu ulipanda kutoka sakafuni. Kisha chumvi nyeupe ikatokeza juu ya lipu na lipu ikaanza kubanduka. Halafu yakaja madoa meusi na ya kijani, pembeni na nyuma ya sanduku la nguo, pale hewa isipopita. Nguo za kanisani zilitoka sandukuni na harufu ambayo sabuni haikuimaliza. Mama aliyafuta madoa kwa kitambaa. Papa alipaka rangi mpya kila Noeli ilipokaribia. Kufika Pasaka madoa yalikuwa yamerudi juu ya rangi ileile.

Aliyeumia zaidi ni dada yangu mdogo. Usiku kifua chake kilipiga filimbi, na Mama alikaa naye kitandani akiwa amemwinamisha mbele ili apate pumzi. Likizo moja alipelekwa kwa shangazi Uvira, kwenye joto la bonde la Ruzizi, akakaa huko bila kukohoa. Aliporudi Bukavu, kikohozi kilimpokea. Majirani walisema ni baridi ya mji wetu. Wengine walinong'ona kuhusu nani aliyemtupia mtoto jicho. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza: "Mama, mtoto analala chumba gani? Na ukuta wake ukoje?"

Mama akamwita kaka yake, mjomba wangu, fundi mwashi aliyeheshimiwa katika avenyu yetu. Mjomba hakuanza na madoa. Aliweka kiganja ukutani, chini kisha juu, akatoka nje. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye upenyo ambao mtu hupita kwa ubavu, akatuonyesha kwamba udongo wa mlima ulikuwa ukiporomoka kidogo kidogo miaka yote hiyo hadi ukapita usawa wa sakafu yetu. Mvua iliponyesha, udongo ule ulijaa maji, na tofali la udongo lililougusa liliyanyonya na kuyapandisha. "Hii nyeusi munayofuta ni mgeni tu," alimwambia Mama. "Aliyemkaribisha ni maji. Mufukuze maji kwanza, mgeni ataondoka."

Tulingoja kiangazi. Tuliondoa udongo uliougusa ukuta, mimi nikiubeba kwa karai. Mjomba alichimba mfereji ambao kina chake kilikuwa chini ya usawa wa sakafu, akaupa mteremko, akatandika mawe makubwa chini na kokoto juu. Kabla ya kuufungua mwisho wake, alishuka kwa jirani wa chini akaongea naye, kwa sababu maji unayoyafukuza kwako huenda kwa mtu, na katika mji wenye makorongo na maporomoko kama wetu, mfereji usio na njia huangusha nyumba ya mwingine. Walikubaliana wayapeleke pamoja hadi kwenye mtaro wa barabara. Ndani, alibandua lipu ya saruji mpaka tofali likaonekana, akaacha ukuta uchi kiangazi chote. Mvua zilipokaribia kurudi alipaka chokaa nyeupe. Mwaka uliofuata dada yangu aliendelea kuwa na pumu, kwa maana pumu haiondoki kwa mfereji, lakini usiku wa kukaa kitandani akitafuta pumzi ulipungua sana. Mimi nikaanza kumfuata mjomba kazini.

Baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma na kuuliza waliosoma zaidi yangu, nilielewa kwa nini njia yake ilikuwa sahihi. Madoa yale yalikuwa kuvu. Kuvu huzaa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, na mbegu hizo ziko kila mahali: nje, ndani, kwenye nguo, kwenye hewa tunayovuta sasa hivi. Hakuna nyumba duniani isiyo nazo. Zinachongoja ni maji. Chakula hazikosi, kwa sababu vumbi, karatasi, mbao, gundi, ngozi ya viatu na hata rangi ya ukutani vyote huzitosha. Kitu kilicholowa kikikaa bila kukauka kwa saa 24 hadi 48, kuvu inaweza kuanza kuota. Ndiyo sababu anayepambana na madoa na kuacha maji hufanya kazi isiyo na mwisho. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo. Halikuweka kiwango cha kuvu kinachoruhusiwa. Lilisema unyevu wa kudumu na vinavyoota juu yake vizuiwe au vipunguzwe, kwa kuwa wanaoishi humo huongezewa hatari ya kupata dalili za njia ya hewa, mzio na pumu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya nikiitwa kwenye nyumba yenye madoa ni kutafuta maji yanatoka wapi. Katika Bukavu yana milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mlima wenyewe, kama kwetu. Alama yake huanzia chini na kupanda, mara nyingi hadi kimo cha kiuno, ikiwa na mstari wa chumvi nyeupe juu yake. Wenye nyumba wengi hujibu alama hiyo kwa kupiga lipu nzito ya saruji na rangi ya mafuta. Ukuta huonekana mzuri msimu mmoja. Lakini maji yaliyo ndani ya tofali hayajapata pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi na kuibukia pale lipu inapoishia, au hulifanya tofali la udongo lilegee na kubomoka nyuma ya saruji, bila mtu kuona. Chokaa huruhusu ukuta kutoa unyevu wake, na kwa kuwa ni kali kikemikali, kuvu hupata shida kuota juu yake. Anayeitumia alinde macho na mikono, kwa sababu chokaa mbichi huunguza.

Nilipokua katika kazi nilipewa kukarabati baadhi ya nyumba za zamani za Muhumba na Nguba, zilizojengwa mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville. Humo niliona kwamba wajenzi wale waliuogopa mlima. Nyumba ziliinuliwa juu ya msingi wa mawe, sakafu ikaachiwa nafasi chini, na katika msingi kulikuwa na matundu yenye wavu ili hewa ipite. Paa lilitokeza mbali na ukuta. Katika nyumba niliyoitiwa kwa ajili ya kuvu, matundu yale yalikuwa yamezibwa kwa saruji ili panya wasiingie, na kiwanja kilikuwa kimeinuliwa kwa udongo hadi kwenye ukuta. Tulizibua matundu, tukaweka wavu mpya wa kuzuia panya, tukashusha udongo. Kazi ilikuwa ndogo kuliko bei ya rangi waliyokuwa wakinunua kila mwaka.

Mlango wa pili ni paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida ya alasiri, linashusha lita 1,200. Bukavu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo hilo hushusha zaidi ya lita 60,000. Pasipo na mfereji wa bati, maji hayo yote huangukia mguuni mwa ukuta na kuurushia matope. Yakikingwa na kupelekwa kwenye tanki, ukuta hupona na mama wa nyumba hupata maji ya kufulia siku ambazo bomba limekauka. Tundu la msumari lililopanuka, bati lililoinuliwa na upepo, shimo la kigae kwenye nyumba za zamani: kila kimoja huacha doa la rangi ya chai kwenye dari, na juu ya dari hiyo ya triplex kuvu huota gizani muda mrefu kabla ya mtu kuiona chini.

Mvua huingia pia kwa nyufa. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitutikisa. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 liliangusha na kupasua nyumba hapa kwetu na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Watu waliziba nyufa kubwa walizoziona. Zilibaki nyufa nyembamba chini ya paa, kwenye kona za madirisha na pale ukuta unapokutana na msingi. Februari iko katikati ya mvua. Miezi iliyofuata niliitwa na watu waliokuwa hawajawahi kuona kuvu katika nyumba zao, na sasa waliiona. Tangu hapo nimeshika sheria moja: baada ya kila tetemeko, hata dogo, nazunguka nyumba kwa nje mvua inapokuja na kutazama maji yanaingilia wapi.

Mlango wa tatu ni sisi wenyewe. Tunapumua, tunachemsha maharage kwa saa nyingi, tunaanika nguo ndani kwa sababu nje kunanyesha na wezi wapo. Mvuke huo hutafuta ukuta ulio baridi na kugeuka matone. Alama yake haina mstari wa chumvi wala doa la chai. Ni madoa meusi yaliyotawanyika kwenye kona za juu, kwenye ukuta wa nje nyuma ya kabati, na karibu na dirisha lisilofunguliwa. Nyumba zetu zimesongamana. Vita vya 1996 na 1998, na vilivyofuata, vilileta mjini maelfu ya familia zilizokimbia vijiji, na parseli moja ikagawanywa mara nyingi. Dirisha la mtu hufungukia ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, basi hulifunga moja kwa moja.

Kama hujui ni ukuta unaotoa maji au ni hewa ya chumba, kuna jaribio rahisi. Kausha sehemu ndogo ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni nyeupe kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, nenda ukachimbe. Yakikaa upande wa chumba, yanatoka hewani: fungua dirisha wakati wa kupika na baada ya kuamka, sogeza kabati na kitanda mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, toboa matundu juu ya ukuta ili hewa yenye mvuke itoke.

Hapa lazima niseme kuhusu mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Mabwawa ya Ruzizi yako mlangoni mwetu, la kwanza likiwa linazalisha umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, lakini nyumba nyingi bado zinapika kwa makala, na umeme ukikatika hata wenye jiko la umeme hurudi kwenye makala. Katika majuma ya mvua isiyokoma, watu huingiza mbabula chumbani ili kukausha ukuta, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Nimeikuta desturi hiyo Kadutu, nimeikuta mtaa wa Essence, nimeikuta hata katika nyumba za wenye uwezo. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, kwa hiyo huonekana salama. Yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi humzidi. Watoto, wajawazito na wenye moyo dhaifu hudhurika mapema. Katika familia moja niliyofanyia kazi, wazazi na watoto walitolewa chumbani asubuhi na majirani, hawawezi kusimama. Walipona kwa kuwa jirani aliona mlango haujafunguliwa kwa wakati wake akagonga.

Na ukuta haukukauka. Joto la mbabula hutoa maji kwenye uso wa ukuta na kuyapeleka hewani. Dirisha likiwa limefungwa, maji hayo hayana pa kwenda, hukaa kwenye ukuta ulio baridi zaidi usiku moto unapozimika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, makala na nishati nyingine chafu, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Nyumba yenye kuvu na moshi hulipiga pafu lilelile kutoka pande mbili. Mbabula iwashwe nje, ipikiwe nje au penye uwazi, na isilale kamwe katika chumba wanamolala watu.

Maji yakishazuiwa, ndipo zamu ya kuondoa kuvu inafika. Kuiondoa vibaya humdhuru mtu kuliko kuiacha wiki moja zaidi, kwa hiyo nawaeleza wenye nyumba taratibu nzima kabla sijagusa kitu. Watoto, wazee, wenye pumu na wenye ugonjwa wa mapafu watoke chumbani, na ikiwezekana watoke nyumbani siku hiyo. Mlango wa kuelekea vyumba vingine ufungwe, dirisha la nje lifunguliwe. Anayefanya kazi avae glavu, miwani ya kukinga macho, na barakoa ya N95 au FFP2 kama zile tulizozijua wakati wa Covid-19. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mbegu za kuvu.

Usifagie kuvu kavu wala kuikwangua kwa brashi ikiwa kavu, kwa kuwa utairusha hewani na kuivuta yote. Ilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni. Isugue, ifute kwa kitambaa, kitambaa ukitie katika mfuko wa nailoni na kuufunga. Rudia kwa maji safi, kisha kausha. Mbao ngumu, vigae, vyuma na vioo husafishika. Godoro la sponji, dari ya karatasi au triplex iliyooza, katoni na zulia lililolowa havisafishiki, vitolewe vikiwa vimefungwa. Nguo zifuliwe na kuanikwa kwenye jua. Doa likizidi ukubwa wa mita moja ya mraba hivi, au likiwa limetokana na maji ya choo, tafuta fundi anayejua kazi hiyo.

Watu wa Bukavu wanaiamini klorini, na wana sababu. Kipindupindu kimetufundisha, na Ebola ilipofika Mwenga, katika jimbo letu, mwezi wa nane 2019, ndoo za maji ya klorini zilikuwa tayari zimesimama kwenye milango ya mji. Kwa hiyo wengi huumwagia ukuta maji ya javeli, yenye klorini, na kuona weusi umepotea. Rangi imepotea, lakini katika tofali na lipu, ambavyo ni vitu vyenye vinyweleo, javeli hubaki juu na maji yake huzama ndani kulisha mzizi. Tena kuvu iliyokufa ikiachwa ukutani bado husababisha mzio, kwa hiyo haitoshi kuiua, lazima iondolewe. Sabuni na mkono hufanya kazi hiyo vizuri. Anayetaka kutumia javeli juu ya kigae au saruji ngumu afungue madirisha, wala asithubutu kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu, na katika chumba kidogo unaweza kuua.

Kuhusu ugonjwa, naomba tuwe wakweli, kwa sababu hofu nayo hupotosha. Rangi ya kuvu haionyeshi ukali wake. Kuna iliyo nyeusi isiyo na madhara makubwa, na kuna ya kijani inayomwangusha mwenye pumu. Hakuna haja ya kulipia vipimo vya kujua jina lake, kwa kuwa dawa ni ileile: ondoa maji, ondoa kuvu. Mtu mwenye afya huenda akapata mafua yasiyoisha, macho ya kuwasha na kikohozi tu. Wenye pumu, watoto wachanga, wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wengine wenye kinga dhaifu wako hatarini zaidi. Kuna kundi jingine ambalo kwetu halizungumzwi vya kutosha: waliowahi kuugua kifua kikuu. Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kifua kikuu kikiacha shimo katika pafu, kuvu ya jamii ya Aspergillus inaweza kukaa humo na kuleta kikohozi cha muda mrefu, kukonda na hata kukohoa damu, dalili zinazofanana na zile za mwanzo. Aliyemaliza dawa za kifua kikuu na bado anakohoa arudi hospitalini aseme hivyo, na aeleze pia nyumba anamoishi.

Ukuta wenye maji huharibu hata chakula. Katika vyumba vya nyuma ndimo tunamoweka gunia la mahindi, unga wa mihogo na maharage, chini ya kitanda, yameegemea ukuta. Mwaka 2004 huko Kenya, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, 125 wakafariki. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na nafaka ikaushwe kabisa kabla ya kufungwa. Iliyoota kuvu itupwe, hata kama bei yake inauma.

Nimebakiza neno kuhusu mwenye nyumba na mpangaji, kwa sababu katika mji wetu wengi wanapanga. Mpangaji akilalamika kuhusu kuvu, jibu nililolisikia mara nyingi zaidi ni kwamba yeye ndiye mchafu, au hafungui madirisha, au anapika sana. Mara nyingine kuna ukweli kidogo. Mara nyingi zaidi mlima umegusa ukuta, na hakuna mpangaji awezaye kuufuta mlima kwa kitambaa. Jibu hilo halipo kwetu tu. Huko Rochdale, Uingereza, familia kutoka Sudan ililalamika kuhusu kuvu katika nyumba waliyopangishwa, na baba aliambiwa apake rangi juu yake. Mtoto wao, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 2. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuvuta kuvu ya nyumba ile kwa muda mrefu. Nchi hiyo ikatunga sheria mwaka 2023, inayojulikana kwa jina la mtoto huyo, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wamiliki wa nyumba za kijamii wanalazimika kushughulikia kuvu na unyevu wa hatari kwa muda uliowekwa. Nchi tajiri, yenye wakaguzi na ofisi za makazi, ilihitaji kumzika mtoto ndipo iamini kwamba rangi haiponyi ukuta.

Sisi hatuhitaji kungoja hivyo. Mambo mengi niliyoyataja yanafanywa kwa jembe, mawe, chokaa, sabuni na mazungumzo na jirani. Mwenye nyumba, kabla hujapokea garanti, yaani fedha ya dhamana, ya mpangaji mpya, zunguka nyuma ya nyumba yako na uhakikishe udongo haujaugusa ukuta. Mpangaji, kabla hujalipa, ingia chumba cha nyuma, sogeza kabati, weka kiganja ukutani, na mkubaliane kwa maandishi nani atafanya nini. Fundi mwenzangu, ukiitwa kupiga rangi juu ya ukuta wenye maji, kataa mpaka mfereji uchimbwe, na umweleze mteja sababu. Mzazi, kama huwezi kujenga upya, badili vyumba leo: mtoto alale mbele, na ukuta wa nyuma upewe viti. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo mlima unakauka na ukuta unakubali kutengenezwa. Kiangazi kikifika, tusianze na rangi. Tuanze na maji.